Usiandike nomodeset kwenye GRUB kwa sababu ya video inayokwamakwama

Ndugu, usiliandike neno hilo. Umeeleza kwamba video za 1080p hukwamakwama kwenye Linux yako, kwamba sauti huchelewa ukitumia spika ya Bluetooth, na unauliza ni kicheza video kipi kilicho chepesi zaidi. Lakini kilichonishtua ni pale unaposema kuwa utaongeza nomodeset kwenye faili la GRUB, programu inayoiwasha Linux, kwa kuwa mwongozo fulani umedai kwamba huituliza kadi ya picha. Huituliza kweli, maana huilaza usingizi wa pono.

Neno hilo huizuia kerneli, yaani kiini cha Linux, kuisimamia skrini kupitia draiva ya kadi, na draiva kama i915 ya Intel na amdgpu ya AMD haziwezi kufanya kazi yake bila hilo. Madirisha bado yatafunguka nawe utadhani mambo ni shwari, kumbe kazi ya kuchora imehamishiwa kwenye prosesa kupitia llvmpipe, programu inayochora bila kuitumia kadi, na kazi ya kusimbua video imeangukia humo humo. Fremu moja ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Kwa fremu 60 kila sekunde, prosesa hubebeshwa zaidi ya pikseli milioni 124 kwa sekunde, huku kadi iliyoundwa kwa kazi hiyo imekaa bure.

Mimi niliishi hivyo kwa muda mrefu. Skrini ilikuwa nyeusi wakati wa kusakinisha, mwongozo ukanielekeza kuongeza nomodeset, picha ikatokea, nami nikafuata hadi hatua ya mwisho iliyotaka liandikwe lidumu. Aliyeuandika hakuona haja ya kutaja kwamba hiyo ni njia ya dharura, ya kuwashia kompyuta mara moja ili mtu aweke draiva sahihi kisha aliondoe; sentensi moja tu ingetosha, lakini alipata nafasi ya kutusimulia jinsi ya kubadilisha rangi ya menyu. Video zilipoanza kukwama nililaumu kicheza video, nikakibadilisha, nikanunua RAM, mwishowe nikasakinisha mfumo upya, nikachagua tena hali salama ya picha, nayo ikalirudisha neno lile lile kwenye mfumo mpya bila kuniuliza. Anayetaka kucheka na acheke, ila angalau llvmpipe yangu haikupungukiwa na RAM.

Kwa hiyo, kabla hujabadilisha chochote wala kununua chochote, hakikisha kwanza ni nani anayechora. Fungua teminali uandike glxinfo -B, kisha usome mstari wa renderer: ukiona jina la kadi yako, endelea, ukiona llvmpipe, acha kila kitu kingine, kwa sababu hakuna kicheza video kitakachokuokoa. Andika pia cat /proc/cmdline, uone kama nomodeset haijajipenyeza tayari, hasa ikiwa ulisakinisha kwa hali salama.

Ukiikuta, usikimbilie faili. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, futa neno hilo kwenye mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10. Badiliko hilo ni la mara moja tu, hivyo skrini ikiwa nyeusi utazima na kuwasha tena, na hali ya awali itarudi. Picha ikitokea vizuri, ndipo uliondoe katika /etc/default/grub na kuendesha sudo update-grub kwenye Debian na Ubuntu, au sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg kwenye Arch.

Ikiwa llvmpipe haipo na video bado inakwama, endesha vainfo, inayoorodhesha kazi za video ambazo kadi inaziweza, kisha utafute VAEntrypointVLD, alama ya kusimbua, kando ya kodeki ya video yako, yaani mfumo uliotumika kuibana, kama H.264 au AV1. H.264 utaikuta hata kwenye kadi nyingi za zamani, ila kadi za ndani za Intel zilianza kusimbua AV1 mwaka 2020 tu, katika kizazi cha 11 cha prosesa za Core. Kama yako ni ya kabla ya hapo, chagua video hiyo hiyo katika H.264.