Re: Nimeshusha filta ya hewa nyuma ya bampa, mvua za Tukuyu zitaua injini?

Mkuu kwanza baridi lote hili la Mbeya bado unashusha filta kuitafutia injini hewa baridi, haha. Mvua ya kawaida haina shida, matone machache yakipita filta injini inayachemsha yanatoka na moshi. Kesi ni dimbwi. Filta ikizama yote injini inavuta maji, na maji hayagandamiziki kama hewa, pistoni ikipanda ni kama imegonga ukuta, konrodi (kile chuma kinachosukumwa na pistoni) inapinda, hapo andaa hela ya injini nyingine. Mi nami nilishusha filta hivyo, nikarudisha bomba la hewa la zamani baada ya kushuka Kyela masika, maji nusu tairi aisee. Ikizimia majini USIPIGE STATA, ivute nje utoe plagi zote ndo uizungushe maji yaruke.