Mleta uzi, mkishuka loki usimwachie mgeni hendeli

Ngoja kwanza. Umeandika mnataka kukodi boti ya mfereji kule Uingereza, watu saba, mwende Oxford na kurudi kwa wiki moja. Hayo ya ukubwa wa boti, bei ya Agosti na kama jiko la gesi linaivisha pilau la watu saba tuyaweke pembeni. Kuna sentensi umeipachika katikati ya bandiko lako kama jambo dogo: "loki tutawaachia wageni wafungue wenyewe wafurahie, mimi nitakuwa nyuma narekodi na simu." Loki, yaani lile sanduku la malango la kupandishia na kushushia boti. Nimeisoma mara tatu mpaka chai imepoa. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, tena kwenye mfereji huo huo wa Oxford unaotaka kupita, na nusura nizamishe boti ya watu kwenye mfereji ambao ukianguka unasimama tu, maji yanakuishia kiunoni.

Usidhani ni mtu asiyejua maji. Mimi mzaliwa wa Tanga, babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi akivuka Pemba kwa upepo na nyota. Ndiyo maana sikumsikiliza mtu. Nikasema bahari imetulea, itakuwa mtaro huu wa Waingereza?

Wageni wangu walikuwa watano: rafiki yangu wa tangu utoto, tumecheza pamoja Chumbageni, mkewe, mdogo wake, na shemeji zangu wawili. Tukakodi boti Braunston, futi 62 kwa urefu na upana hata futi 7 haufiki. Ni kama behewa la treni lililoamua kuogelea. Safari yenyewe ilikuwa ya wiki moja, kusini mpaka Banbury na kurudi.

Sasa huyu aliyenidanganya. Kuna bwana mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp, aliwahi kupanda boti hizi mara moja, tena kwa mchana mmoja, kwenye birthday ya mtu. Nilipouliza akanijibu: "Kaka, ni kama bajaji tu, leseni haitakiwi, mwendo wa kobe, utalala usingizi." Leseni haitakiwi, kweli. Mwendo wa kobe, kweli, mwisho ni maili 4 kwa saa, mama anayesukuma kigari cha mtoto atawapita na kuwapungia mkono. Lakini bajaji ina breki, bwana wee! Hii ina tani 15 na zaidi, ukitaka kusimama unatia rivasi na kumwomba Mungu. Na bajaji ukikata kulia inakwenda kulia. Huku unashika kana, ule mkono wa usukani kule nyuma, ukiisukuma kushoto omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia, na boti nzima inazungukia kiunoni kwake kama mama aliyebeba ndoo. Yule bwana mpaka leo hajaomba radhi. Kwenye harusi ya juzi kaniuliza, "Nahodha, hujambo?"

Na kijana aliyetukabidhi boti naye simsamehi. Alikuwa na boti nyingine tatu za kukabidhi mchana ule. Katuonyesha swichi ya taa, pampu ya choo, mahali pa kuwashia injini, kaenda na sisi mpaka daraja la kwanza, karuka ukingoni kapotea. Kizingiti alikitaja kwa sentensi moja, huku shemeji anamuuliza nywila ya Wi-Fi.

Hicho kizingiti ndicho kilichonileta hapa.

Loki ni sanduku la mawe au matofali lenye malango mbele na nyuma. Mkiwa mnapanda, mnaingia chini, mnafunga nyuma yenu, mnainua vilango vya maji vya juu kwa hendeli, kile chuma cha kuzungusha kwa mkono, sanduku linajaa, boti inapanda. Ukiharibu, mara nyingi utagonga kitu tu. Tulipanda tisa za Napton namna hiyo, kilima chenye kinu cha upepo kikitutazama, na pale juu tukajipigia makofi. Rafiki yangu akaanza kuniita Admirali. Kisha kuna maili 11 hivi bila loki hata moja, mfereji unazunguka vilima badala ya kuvikata, kwa sababu ulichorwa karne ya 18 wakati kuchimba ni jembe na sururu. Shamba moja unaliona mbele, halafu ubavuni, halafu nyuma, unajiuliza mmepotea au vipi. Siku nzima ya kunywa chai na kupiga soga. Tukasahau kwamba tulichojua ni kupanda tu, kushuka hatujawahi.

Mnafika Claydon. Loki tano, zote za kushuka.

Mkishuka mnaingia juu, sanduku likiwa limejaa. Chini ya lango la nyuma, ndani ya maji usipopaona, kuna kizingiti cha mawe kimetokeza kuingia ndani ya loki, zaidi ya mita nzima. Kimefunikwa kabisa, juu yake kunaelea boti yako. Mkitoa maji, maji yanashuka, boti inashuka, kizingiti hakishuki. Kama tezi yako, yaani nyuma ya boti, ipo juu yake, tezi inabaki imekalia jiwe na omo inaendelea kwenda chini. Boti inaning'inia kama mtu aliyeshikwa ukosi, halafu inapinda, maji yanaingia mbele, kwisha. Na haichukui nusu saa.

Alama ipo. Ukutani wamepaka mstari mweupe kuonyesha kizingiti kinaishia wapi. Mimi niliuona. Niliuona vizuri kabisa, na nikausogelea kwa mgongo.

Ilikuwa loki ya pili. Shemeji mkubwa kwenye kilango kimoja na hendeli, shemeji mdogo kwenye kingine, wote wameinua mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja kwa sababu walikuwa wanashindana. Maji yakitoka kwa kasi hiyo boti huvutwa mbele. Omo ikagonga lango la chini, vyombo vikalia kule ndani, mke wa rafiki yangu aliyekuwa anapika akapiga ukelele. Nikaona aibu, nikatia rivasi kidogo kuivuta nyuma. Hapo hapo yule dada akatoa kichwa na kijiko cha pilau: "Shem, hebu onja chumvi." Nikaonja. Rivasi ilikuwa bado ndani.

Chumvi ilikuwa sawa, kama unauliza.

Nilichosikia kwanza ni mkwaruzo chini ya miguu yangu, kama mtu anakokota kabati la chuma kwenye saruji. Nikatazama mbele, nikaona paa la boti limekuwa mteremko. Nikapiga kelele: "Funga! Funga! Funga!" Nilimaanisha wafunge vilango vya maji. Wewe ungemaanisha nini? Mdogo wake rafiki yangu, kijana mtiifu, alikuwa kasimama ukingoni na kamba ya katikati mkononi. Kasikia funga, akafunga. Kaizungusha kwenye nguzo ya chuma mara nne akakaza kama anafunga mbuzi wa Idi. Kwa hiyo sasa tezi imekalia jiwe, ubavu umeshikwa na kamba, maji yanaendelea kutoka. Mashemeji wananitazama, mmoja kashika hendeli, mwingine anarekodi. Hiyo video ipo. Niliombwa niiweke hapa, siiweki.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kiingereza, boti yake ilikuwa inasubiri chini ili apande. Alipanda zile ngazi kwa mbio ambazo umri wake hauruhusu, akamnyang'anya shemeji hendeli, akashusha kilango kimoja, akakimbilia cha pili akakishusha. Akalegeza kamba. Akaenda juu akainua vilango vya juu kidogo kidogo mpaka loki ikaanza kujaa tena. Boti ikatoka pale kwenye jiwe kwa kishindo, ikatikisika, ikaelea. Hakututukana. Angetutukana ningejisikia afadhali. Aliuliza tu, "Nani anaendesha hii?" na wale wote watano wakanyoosha vidole kwangu kwa pamoja, hakuna siku walipokubaliana vile.

Babu yangu alikuwa akisema wenda tezi na omo, marejeo ngamani. Siku ile omo ilikuwa chini, tezi ilikuwa juu, na ngamani kulikuwa na pilau.

Hasara sasa. Usukani ulichomoka kwenye kikombe chake cha chini, kana ikawa inazunguka bila kushika kitu, tukaikokota boti kwa kamba kama punda mpaka pa kuegesha. Fundi alikuja kesho yake. Dhamana ya pauni 300 ikaenda yote, zulia la mbele likaloa, na siku mbili za likizo ya watu waliotoka Tanga zikaishia kutazama kondoo. Banbury hatukuiona. Nimewapeleka baadaye kwa gari, dakika 40.

Kwa hiyo mkishuka, hakuna mtu anayegusa hendeli mpaka aliyeshika kana ainue mkono juu, na hainui mkono mpaka tezi imeuvuka mstari mweupe kwenda mbele na ameitazama kwa macho yake. Hainui simu, hainui kijiko, anainua mkono. Na wewe ndiye utakayeshika kana, kwa sababu wewe ndiye uliyelipa dhamana. Kwenye hendeli mweke mtu mmoja asiyependa sifa, ainue kilango nusu kwanza, na macho yake yawe kwenye tezi muda wote maji yanapotoka. Kamba izungushwe nguzo mara moja tu na mtu aishike, isifungwe kamwe. Neno la hatari mkubaliane kabla hamjaondoka Braunston, na lisiwe "funga". Sisi siku hizi tunasema "shusha". Likitamkwa, vilango vya chini vinashushwa kwanza, maswali baadaye, halafu vya juu ndio vinafunguliwa taratibu.

Wageni wanataka kufungua loki? Wape za kupanda. Napton zipo tisa, watachoka wenyewe, na kipindi cha joto mara nyingi utakuta watu wa kujitolea wanasaidia hapo. Za kushuka wasukume malango kwa makalio, wapige picha wakiwa nchi kavu, inatosha.

Halafu umeandika unataka boti ya futi 68 ili kila mtu apate chumba. Loki zenyewe zina futi 72 hivi. Toa hesabu uone umebakiwa na nini kati ya jiwe la nyuma na lango la mbele. Futi 68 wanapita nayo wazoefu kila siku, lakini wazoefu hao hawaonji chumvi. Na Oxford kwenda na kurudi kwa wiki moja sahau. Jumlisha maili na idadi ya loki, gawa kwa 3, hizo ndizo saa zako, kisha ongeza za wageni kusimama kupiga picha na bata.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba "kizingiti ni stori za kutisha watu, mimi nimepita mara mbili sijaona kitu." Mkuu, kizingiti hakionekani. Ndiyo shida yake.

Pilau lipikwe mkiwa mmeegesha. Lile swali lako la choo nimeliona, ni refu, nipe mpaka kesho. Ila kabla ya hapo andika hapa kati yenu saba nani anashika kana. Nikisikia ni shemeji, nakupigia simu.