Ukuta wa jirani umeangukia gari yangu, nani analipa?

Swali: Wakili habari za leo. Juzi usiku mvua ilipiga na upepo, ukuta wa nyumba ya jirani ukaangukia gari yangu nilipaki ndani kwangu. Ukuta ulikua na nyufa siku nyingi na nilishawaambia. Mpangaji anasema yeye kapanga tu, mwenye nyumba anasema ni mvua, kazi ya Mungu. Nimdai nani?

Jibu: Pole sana ndugu. Hiyo ya kazi ya Mungu naisikia kila mara na inaniuma, maana watu wengi wakiambiwa hivo wanakata tamaa wanaenda kulipa fundi wenyewe. Mvua ilinyesha kwa wote, sasa mbona kuta zingine zimesimama? Ukuta uliotunzwa unatakiwa uhimili mvua na upepo wa kawaida, ukianguka sababu ulishachoka basi mvua imemalizia tu kazi ambayo uzembe uliianza.

Kuna kesi ya Uingereza, Wringe v Cohen ya 1940, karibu ifanane na yako: ukuta wa nyumba iliyopangishwa ulianguka wakati wa dhoruba ukaharibu duka la jirani, na mwenye nyumba ambaye ndo alikua na jukumu la matengenezo akabanwa, mahakama ikasema hata kama hakujua ubovu haimsaidii. Angepona kama ubovu umesababishwa na mtu aliyevamia, au ardhi imetitia chini kwa chini pasipo mtu kuweza kuona. Ufaransa nako kifungu cha 1244 cha sheria ya madai kinambana mwenye jengo likibomoka kwa kukosa matengenezo au kwa kujengwa vibaya. Japani, kifungu cha 717, wanaanza na anayekaa humo, akionyesha alichukua tahadhari zote basi mzigo unahamia kwa mwenye mali. Kwa hiyo we andikia wote wawili barua ya madai, mkataba wao wa upangaji ndo utaonyesha matengenezo yalikua ya nani, huko wakasukumane wenyewe.

Ila ushahidi ndo kila kitu, na uko kwenye vifusi. Usikubali viondolewe kabla hujapiga picha karibu kabisa pale ukuta ulipokatikia: ufa wa zamani una vumbi, weusi na hata ukungu ndani, mpasuko mpya ni msafi. Mwite mhandisi aandike ripoti. Meseji ulizowaambia kuhusu nyufa usifute hata moja, kama uliwaambia kwa mdomo tafuta aliyesikia. Gari nayo ifunike isiendelee kulowa, maana hasara uliyoweza kuizuia ukaiacha wanaweza kukataa kuilipa. Kama una bima waambie mapema, usichelewe, na madai yenyewe yana muda wake kisheria usije ukapitwa.

Halafu kama kuna kipande cha ukuta bado kimesimama waandikie leo hii wakishushe, na watoto wasipite hapo kabisa.