Supachaja kwenye RAV4 ya zamani, hapa Goma

Ndugu, umeuliza kama supachaja itasaidia gari lako la RAV4 linalochoka kwenye milima. Kusaidia, itasaidia: Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu. Supachaja huzungushwa na mkanda wa moteri yenyewe, ikasukuma hewa ndani kwa nguvu. Ila hewa ikiongezeka, esanse (petroli) nayo iongezeke: injekta zinazoinyunyiza, pampu, kompyuta, vyote virekebishwe. Sasa weka ile esanse mbaya ya kadafi, yule muuzaji wa barabarani (sote tunaijua), italipuka ndani kabla ya wakati, moteri itagonga mpaka pistoni itoboke. Miye ningeanza na bujii (plagi), filta ya hewa na ambreyaji (klachi). Mara nyingi ugonjwa uko hapo.