Re: Shelisheli ina watu laki moja tu, jeshi lake ni la kazi gani?

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu umetafuta brigedi na divisheni, yaani vikosi vya maelfu ya askari, kama za nchi kubwa, hukuziona, ukahisi jeshi lenyewe ni la gwaride tu. Sivyo.

Mimi nikisoma jeshi la kisiwa, idadi ya watu naiacha kwanza, naangalia bahari. Nchi kavu ya Shelisheli haifiki hata kilomita za mraba 500, lakini eneo lake la kiuchumi baharini, yaani bahari ambayo uvuvi na rasilimali zake ni haki ya nchi hiyo, linazidi kilomita za mraba milioni 1.3. Ndiyo maana Walinzi wa Pwani, walioundwa 1992, ndio uti wa mgongo wa jeshi lile. Machi 2010 meli yao ya doria Topaz, waliyopewa na India, iliikuta dau ya Iran imetekwa na maharamia wa Kisomali. Wakapiga injini risasi, dau ikawaka moto, watu wakajitosa majini, na mateka 27 wakaokolewa, 6 kati yao wavuvi wa Shelisheli. Hiyo kazi si ya gwaride!

Kikosi cha anga ni kidogo, ndege za Dornier za kusaka vyombo baharini. Cha nchi kavu kinalinda serikali, na usikidharau: Novemba 1981 mamluki, yaani askari wa kukodiwa, wakiongozwa na Mike Hoare walitua uwanja wa ndege wakijifanya wacheza raga, wakitaka kuipindua serikali. Mwaka uliofuata askari wenyewe waliasi, na wanajeshi wa Tanzania wakasaidia kuwazima. Anza na hilo eneo la bahari, muundo wa jeshi lile utaueleza bila shida.