Kukereza Kalamu za Kaktasi na Resini: Maelezo kwa Anayeanza

Wengi wanaofika karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, kujifunza kukereza kalamu wamezoea mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, ambao nyuzi zake zimeshikamana hata patasi hupita juu yake bila kukwama. Mazoea hayo ni mtaji mzuri, lakini humponza mwanafunzi siku anapokabidhiwa kipande cha kaktasi, mmea wa jangwani wenye miiba, kilichojazwa resini ya rangi, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikishamiminwa, kwa kuwa hapo ana vitu viwili vyenye tabia tofauti: kaktasi ni laini na ina nyuzi, ilhali resini ni ngumu na humeguka kama kioo.

Kaktasi inayotumika zaidi huitwa cholla, nayo huota katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Nyama yake ikishaoza hubaki mti wenye matundu mengi mfano wa wavu, na katika matundu hayo ndimo resini humiminwa. Baadhi ya wanafunzi huniuliza kama mnyaa wa kwenye ua unaweza kushika nafasi yake. Ninawasihi wasijaribu, kwa sababu mnyaa si kaktasi, na utomvu wake ukiingia machoni huleta madhara makubwa.

Jambo ninalotaka mgeni wa kazi hii alishike kabla ya yote ni kwamba kalamu huharibika au hufaulu kabla mashine haijawashwa, na katika mji wa pwani kama huu chanzo kikuu cha uharibifu ni unyevu. Vipande vyangu vya kwanza nilivimiminia resini ya poliurethani wakati wa masika, nikidhani kuwa mti uliokaa miezi kadhaa kabatini umekauka. Resini ikafanya povu na kuumuka kama unga wa maandazi, kwa kuwa poliurethani ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Tangu hapo hukausha kila kipande katika joko lenye joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi, nikikipima kwa mizani ya gramu kila baada ya saa moja, na sikiondoi mpaka uzito wake uwe sawa mara mbili mfululizo. Kisha hukifungia katika kopo lisilopitisha hewa mpaka kipoe, maana kikiachwa mezani hunyonya unyevu upya. Resini ya epoksi huvumilia unyevu zaidi, ila nayo hubakiwa na viputo vya hewa inayotoka katika vinyweleo vya mti.

Viputo hivyo hudhibitiwa kwa kuweka kalibu ndani ya tangi la mgandamizo, yaani tangi linaloshindiliwa hewa, kwa kiasi cha pauni 40 kwa kila inchi ya mraba, na kuiacha humo mpaka resini igande kabisa. Tumia tangi lililotengenezwa kwa kazi hiyo tu, wala usilishindilie hewa kupita kiwango kilichoandikwa juu yake. Katika miezi ya joto, Januari na Februari, resini huganda haraka kuliko mtu anavyotarajia, kwa hiyo mimi humimina alfajiri.

Kwa kalamu nyembamba za kawaida, tundu hutobolewa kwa biti ya milimita 7. Toboa polepole, ukiitoa biti mara kwa mara ili ipoe na kumwaga vumbi, kwani joto huifanya resini ipasuke. Acha kipande kiwe kirefu kuliko kinavyohitajika, usimamishe biti kabla haijatokeza upande wa pili, kisha ukate ncha hiyo kwa msumeno. Ukiilazimisha itokeze, mara nyingi huondoka na bonge la resini. Paka rangi bomba la shaba linaloingia katika tundu hilo, na ikiwezekana kuta za tundu pia, kabla ya kuligundisha, kwa sababu resini inayopitisha mwanga huonyesha shaba na gundi iliyo chini yake. Kosa hili halionekani mpaka kazi imefika mwisho, na halirekebishiki.

Kwenye mashine, noa patasi kuliko ulivyozoea na ukate kidogo kidogo. Ukisikia mlio umebadilika na kuwa wa kugongagonga, simamisha mashine uangalie kama kuna kaktasi iliyochomoka. Tundu dogo huzibwa kwa supa gluu nyepesi, na kazi ikaendelea. Vaa miwani na barakoa kila mara, kwa sababu vumbi la resini halifai kuingia mapafuni.

Ukifika karibu na kipimo cha bushi, yaani pete ya chuma inayoonyesha unene unaotakiwa, weka patasi chini na umalizie kwa msasa. Kaktasi hunywa maji, kwa hiyo pitisha kwanza msasa mkavu, kisha upake matabaka membamba ya supa gluu, mimi hufika manane, ndipo usugue kwa msasa wa maji hadi laini kabisa. Ukianza na maji, nyuzi huvimba na kuacha vijongo penye resini.

Wakati wa kuunga, sukuma kizungushio cha wino kidogo kidogo, ukijaribu kila mara kama ncha inatokeza na kurudi ndani sawasawa, kwa kuwa kikizama kupita kiasi ni vigumu kukirudisha bila kukipasua kipande.