Msimu bora wa Kombe la FA ni 2017/18

Swali la wiki limeuliza: tangu Kombe la FA lirudishwe nchini Tanzania, msimu upi umekuwa bora zaidi? Wengi watataja 2021/22 kwa sababu ya fainali ya Arusha, Yanga na Coastal Union 3–3, Abdul Suleiman "Sopu" akifunga yote matatu ya Coastal, Wagosi wa Kaya, kabla ya Yanga kushinda kwa matuta (mikwaju ya penalti) 4–1. Fainali ile ilikuwa tamu, lakini ni mechi moja. Mkiuliza msimu mzima, jibu ni 2017/18.

Tazameni orodha ya mabingwa kuanzia 2015/16 hadi 2024/25. Yanga mara tano, Simba mara tatu, Azam mara moja, Mtibwa Sugar mara moja. Fainali iliyokosa vigogo wote watatu, Simba, Yanga na Azam, ni moja tu, ile ya 2017/18 ya Mtibwa na Singida United.

Simba ndio walikuwa bingwa mtetezi, na msimu huo kwenye ligi walifungwa mechi moja tu kati ya 30, wakatwaa ubingwa kwa pointi 69. Timu hiyo hiyo, Desemba 2017 pale Chamazi, ilitoka 1–1 na Green Warriors ya Daraja la Pili, ikatolewa kwa matuta 4–3 katika mechi yake ya kwanza ya mashindano. Kocha Joseph Omog akaondoka mara baada ya hapo.

Watu husema ni bahati. Mimi nasema bahati ni sehemu ndogo sana. Timu ya daraja la chini huwaona Simba kwenye runinga kila wiki: inajua winga anaingia ndani kwa mguu gani, inajua kona zinapigwa wapi. Simba kwa upande wao hawana hata mkanda mmoja wa kumsoma mpinzani. Ongeza kikosi. Kocha wa timu kubwa hupumzisha wachezaji sita au saba na kuwapa nafasi wa benchi, ambao kila mmoja yuko fiti mazoezini lakini hawajacheza pamoja dakika 90 kwa miezi. Pasi zinachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo inamtosha beki aliyejipanga. Timu ndogo inarudisha watu tisa nyuma ya mpira, inafunga katikati, inakuachia pembeni upige krosi, nayo mabeki wake warefu wanaziondoa. Kadiri dakika zinavyokwenda, presha inahamia kwa mkubwa.

Kisha matuta, ambayo ndiyo yaliyoamua msimu ule. Robo fainali, Yanga walitoka 1–1 na Singida United uwanja wa Namfua, wakalala 4–2. Azam walitoka suluhu na Mtibwa, wakatolewa 9–8. Mabao tisa yana maana kwamba kila timu ilifika angalau mpigaji wa tisa. Kocha anaandaa watano vizuri. Wa sita na wa saba hupatikana. Kuanzia wa nane unawaita mabeki wa kati na kiungo mkabaji, watu ambao mazoezini hukaa pembeni wenzao wakipiga. Na hakuna anayerudia kabla wote waliobaki uwanjani hawajapiga, kipa akiwemo. Timu inayotaka kwenda mbali kwenye kombe hili ipange orodha ya watu 11 na wote wapige mazoezini mwishoni, miguu ikiwa imechoka, maana penalti ya asubuhi ukiwa na nguvu haikufundishi kitu. Kosa la kawaida ni mpigaji kubadili upande akiwa ameshaanza kukimbilia mpira: mguu wa kuegemea unakaa vibaya, mpira unapaa.

Fainali ilichezwa Arusha, Sheikh Amri Abeid, Juni 2018. Mtibwa ya Zubeir Katwila ikaifunga 3–2 Singida ya Hans van der Pluijm. (Msichanganye Singida United ile na Singida Black Stars ya sasa, ni klabu tofauti.)

Kilichonigusa zaidi ni zawadi yenyewe. Bingwa alipata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, lakini Mtibwa, Wakata Miwa wa Manungu, walikuwa na adhabu ya zamani ya CAF, shirikisho la soka Afrika, kwa kutokwenda Afrika Kusini kucheza na Santos. Ilibidi faini ilipwe kwanza ndipo waruhusiwe. Ikalipwa, wakaitoa Northern Dynamo ya Shelisheli, wakaishia kwa KCCA ya Uganda. Klabu iliyokuwa bingwa wa ligi mwaka 1999 na 2000 ilirudi Afrika kupitia kombe hili, kwa sababu kwenye ligi ya mechi 30 isingeweza kuwapita Simba, Yanga na Azam kwa pamoja.

Ombi moja kwa TFF, shirikisho la soka nchini: timu ya daraja la chini ikipangwa na ya Ligi Kuu, mechi ichezwe kwa mdogo, kwenye uwanja wake wa mkoani hata kama majani ni mabovu, mradi usalama upo.